Fahali Aliyepandishwa Cheo

Nchi yetu sitaitaja jina, maana waliowahi kulitaja bila kibali tunaambiwa wamepewa mapumziko marefu. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, bendera yake ina rangi nyingi kuliko za majirani, na inapenda wanyama. Mimi ni Afisa Matangazo wa Wilaya ya Nyasindefu, yaani ninashika kipaza sauti cha serikali. Haya ninayowasimulia niliyatangaza kwa kinywa changu mwenyewe, kwa hiyo ni ya kweli.

Wilaya yetu ni ya ranchi. Ukisimama popote unaona majani, ng'ombe, na bango la Wizara lenye Kanuni za Uwindaji, ambazo watoto wetu huzikariri kabla ya kujua kuhesabu. Simba ni mali ya Taifa. Mwananchi akikutana na simba atasimama wima, atavua kofia, atataja jina lake kamili na ranchi anayotoka. Ni marufuku kukimbia, kwa kuwa kukimbia ni kumchokoza mnyama bila leseni. Mwananchi anayeshambuliwa ana haki ya kujitetea, mradi kwanza afike ofisini yeye mwenyewe, saa za kazi, aombe kibali. Simba akimla ng'ombe, hilo ni tukio la kimaumbile. Ng'ombe akila majani aliyolalia simba, huo ni uvamizi.

Tulikuwa pia na kanuni moja ya kwetu wenyewe, Kanuni ya Nundu. Tangu zamani wafugaji wa huku, wakichinja fahali, humchomea mkubwa wa eneo nundu ya mgongoni, naye huila mbele ya watu kabla mwingine hajagusa nyama. Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Fidelis Mapambano, alipohamishiwa kwetu aliionja mila hiyo mara moja tu, akaipenda mno, akaifanya sheria. Nikatangaza kwamba fahali yeyote akichinjwa, nyama yake haitaliwa mpaka Serikali iwe imetafuna na kumeza hadharani. Wapo waliosema hilo ni tumbo. Mimi nasema ni kuenzi mila.

Sasa, katika wilaya hiyo aliishi mjane mmoja, Mama Nolari, mwenye ranchi ndogo upande wa kisimani. Ukame uliopita ulikuwa umemfagilia mafahali wote, akabaki na majike na ndama mmoja dume aliyefiwa na mama yake. Ndama huyo alimlea kwa mkono. Alimpa uji, akampa maziwa ya kuomba kwa jirani, na kila asubuhi akamlambisha chumvi kiganjani. Ndama akakua akawa fahali mkubwa, mwenye rangi ya sukari guru, na jina lake likawa Sukariguru. Kwa umbo alitisha, lakini kwa tabia alikuwa na adabu kuliko madiwani. Kasoro yake ilikuwa moja. Mkono wowote ulionyooshwa, yeye aliuona una chumvi. Ukimnyooshea kumfukuza, anakuja. Ukimnyooshea kumwonyesha njia, anakuja, ametoa ulimi.

Tulikuwa na simba mmoja pia. Wizara ilimpa jina Utulivu. Utulivu alikuwa amewala mitamba wa Mama Nolari, mmoja baada ya mwingine, na ndipo mama huyo akafunga safari hadi ofisini. Nilikuwepo, nikifuta vumbi kwenye kipaza sauti.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Mama Nolari, ingawa angeweza kumzaa. Kwetu cheo huongeza umri.

"Marahaba, mama. Karibu. Una shida gani?"

"Utulivu, Mheshimiwa. Amemla mtamba mwingine jana."

Mheshimiwa Mapambano aliweka kalamu chini, uso umejaa huruma. "Pole sana. Alishiba?"

"Mheshimiwa?"

"Nauliza kama alishiba, mama. Tumepata maelekezo." Akasimama, akafunga kifungo cha koti, maana habari yenyewe ilikuwa haisemwi umekaa. "Siku ya Ushujaa, Mheshimiwa Sana, Rais wetu, Mwindaji Mkuu wa Taifa, atakuja hapahapa Nyasindefu kumwinda Utulivu kwa mkono wake mwenyewe. Mpaka siku hiyo, simba yule haguswi, hatishwi, wala hatazamwi kwa jicho baya. Na akionekana amekonda, nani atajibu? Wewe au mimi?"

"Mheshimiwa, nina fahali mmoja tu. Huyu akiliwa, ng'ombe wangu hawazai. Wasipozaa sina maziwa, sina ranchi, nabaki na fimbo ya kuchungia hewa."

"Fahali wako ni mzalendo?"

"Ni ng'ombe, Mheshimiwa."

"Basi atajitolea bila kuuliza maswali," alisema Mheshimiwa Mapambano, na kikao kikaishia hapo.

Mama Nolari alirudi nyumbani, akatoa sufuria zote jikoni, akamwingiza Sukariguru humo. Akawa anapika nje juani, fahali amemtolea kichwa dirishani. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakujali. Alimpenda yule mnyama, na zaidi ya kumpenda, alijua kwamba maisha yake yote yamo ndani ya jiko lile, yanacheua.

Hapo katikati kulitokea jambo lililoonyesha jinsi wananchi wetu walivyo na nidhamu. Mchungaji wa Mama Nolari, Lendoya, mwanamume wa makamo asiyependa maneno mengi, aliwapeleka majike kisimani mchana kweupe, akamkuta Utulivu amelala juu ya njia. Lendoya alifuata kanuni. Alisimama wima, akavua kofia, akasema, "Naitwa Lendoya, natoka ranchi ya Mama Nolari." Simba akapiga mwayo. Lendoya akabaki amesimama, maana bango halisemi mtu aondoke lini. Jua likamchoma utosi mpaka Utulivu alipoamka, akajinyoosha, akachagua jike mmoja akaenda naye vichakani. Lendoya alipokwenda kuripoti, alipewa onyo. Alikuwa amevua kofia kwa mkono wa kushoto.

"Wa kulia ulishika mkuki," alijitetea.

"Mkuki? Mbele ya mali ya Taifa?" aliuliza Mheshimiwa Mapambano. Lendoya akapewa onyo la pili.

Siku ya Ushujaa ikafika. Wilaya ilipakwa chokaa, kuanzia mawe ya barabarani hadi vigogo vya miti, na mbuzi mmoja aliyechelewa kuondoka. Utulivu, ili asiende mbali, alikuwa amepewa na Wizara maksai mzima, amwage utumbo atakavyo. Likajengwa jukwaa lenye zulia, na mbele yake uwanda mpana wa kuwindia. Tena ikatoka amri kwamba nyumba zote zinazoonekana kutoka jukwaani ziwe na milango wazi, ili Mheshimiwa Sana aone kwamba wananchi wake hawaishi kwa hofu. Mama Nolari alisimama mlangoni pa jiko lake, akakataa. Askari wakamwondoa kwa heshima, wakafungua, wakatundika bendera ndogo juu ya kizingiti.

Mheshimiwa Sana aliwasili akiwa na bunduki ya dhahabu, kofia ya manyoya, na daktari wa macho. Alipewa kiti, akakikataa, akakaa. Akatoa hotuba.

"Ndugu wananchi! Nilipokuwa kijana nilimkamata simba masikio. Akaniambia, 'Niachie.' Nikamwambia, 'Nenda, lakini usirudie.' Hakurudia! Leo wapo wanaosema nimezeeka. Waleteni niwaone!"

Tulishangilia. Akapewa bunduki. Uwanda ulikuwa mtupu, kwa sababu Utulivu, kwa yule maksai aliyemla, alikuwa amelala fofofo nyuma ya kilima na hakuna aliyekuwa na kibali cha kumwamsha. Tukangoja. Mheshimiwa Sana, kwa mazoea ya miaka mingi ya kuona umati, aliinua mkono akaupungia uwanda.

Kule jikoni, Sukariguru aliuona mkono.

Alitoka taratibu, akapita chini ya bendera, akaja moja kwa moja kuelekea jukwaani, masikio mbele, ulimi nje. Mheshimiwa Sana alizidi kupunga. Fahali akazidi kuja. Mama Nolari akapiga kelele, "Sukariguru! Rudi, baba! Rudi!" lakini bendi ilikuwa imepewa amri ya kupiga mfululizo. Risasi ya kwanza ilikwenda mawinguni. Ya pili ilivunja tarumbeta. Ya tatu ikamkuta Sukariguru hatua chache kutoka kwenye zulia, amenyoosha shingo kuelekea kile kiganja. Alipiga magoti ya mbele kama anayeingia pangoni, akalala.

Tuliutazama mzoga. Ulikuwa na pembe na kwato, na kwenye sikio ulikuwa na hereni ya ranchi yenye jina la Mama Nolari. Mheshimiwa Sana alimgeukia Mkuu wa Wilaya.

"Nimepiga nini?"

Jasho lilimtiririka Mheshimiwa Mapambano mpaka tai ikalowa. Lakini kiongozi huonekana wakati wa dhiki. "Simba, Mheshimiwa Sana! Tena dume!" Akanikonyeza. Nikainua kipaza sauti nikatangaza kwamba Mwindaji Mkuu wa Taifa amemwangusha simba, na kwaya ikapokea hapohapo.

"Mbona ana pembe?" aliuliza Mheshimiwa Sana, ambaye ni mtu wa kupenda maarifa.

"Uzee, Mheshimiwa Sana. Simba akizeeka sana huota pembe. Ni wachache waliowahi kumfikia wakati huo wakapona."

Mheshimiwa Sana alifurahi. Alisema hata yeye alikuwa ameziona pembe za uzee machoni mwa yule simba, na kwamba kichwa kipelekwe Makumbusho ya Taifa, vijana wajifunze. Mama Nolari alikuwa ameshapenya katikati ya askari. Aliketi chini vumbini akakishika kile kichwa, akilia kwa sauti, "Huyu ni fahali wangu. Jamani, huyu ni Sukariguru wangu."

"Mama huyu ameguswa na ushindi," alieleza Mheshimiwa Mapambano. Mheshimiwa Sana akampa mama huyo mkono wa pongezi. Kiganja kilikuwa kitupu.

Mambo yangeishia pale kama si Utulivu. Jioni ileile, magari ya mwisho ya msafara yakiwa yanaondoka, simba aliamka, akashuka kilimani, akapita mbele ya jukwaa akilinusa zulia. Umma mzima ulimwona. Ikawa tatizo la kiserikali, kwa sababu wilaya ilikuwa na simba mmoja tu, naye alikuwa amekwisha kuuawa na Mheshimiwa Sana. Kusema kwamba yule ni simba ni kusema kwamba Mheshimiwa Sana hakuua simba. Na kusema hivyo, mapumziko marefu.

Mheshimiwa Mapambano alijifungia ofisini, akatoka amenawiri. Akaitisha mkutano wa hadhara.

"Ndugu wananchi, tufanye hesabu ya kawaida," alisema. "Kulikuwa na simba na fahali. Simba ameuawa, sote tulishuhudia. Je, aliyebaki ni nani?"

Akajijibu mwenyewe.

"Ni fahali! Fahali wa Mama Nolari, aliyepotea katika shamrashamra, Serikali yako sikivu imekupatia. Mama, simama upigiwe makofi."

Tukapiga makofi. Afisa mmoja wa mifugo alitumwa akamvalishe Utulivu hereni mpya. Alikwenda, akamwona kwa mbali, akaitundika kwenye mti ambao fahali huyo alipenda kulala chini yake.

Tangu hapo maisha ya Mama Nolari yakawa magumu kweli, hilo lazima niseme. Kabla ya hapo simba alikuwa akija kuiba. Sasa alikuwa anakaa. Majike wakazidi kupungua. Mama Nolari alirudi ofisini, na safari hii hakusema shikamoo.

"Mheshimiwa, yule anawamaliza ng'ombe wangu."

"Fahali wako?"

"Huyohuyo unayesema fahali."

"Mama, fahali na majike wakikorofishana, hayo ni mambo ya zizini. Serikali haiwezi kuingilia."

Nilimwona Mama Nolari akikaza macho kama mtu anayejaribu kusoma kitu cha mbali. Kisha uso wake ukatulia.

"Kwa hiyo ni wangu?"

"Wako kabisa."

"Utanisemea hivyo mbele ya watu? Majirani wananicheka, wanasema nafuga mali ya Taifa."

Mheshimiwa Mapambano hapendi mwananchi achekwe. Kwenye mkutano wa Ijumaa alishika yeye mwenyewe kipaza sauti changu. "Asisumbuliwe mama huyu! Yule ni ng'ombe wake. Akitaka amkamue!" Watu wakacheka. "Akitaka amchinje! Mtu na zizi lake!"

"Asante, Mheshimiwa," alisema Mama Nolari kutoka nyuma. "Naomba afisa arudie, nisikie vizuri."

Nikarudia. Nilirudia kwa sauti nzuri, mpaka kilimani kukaitika.

Asubuhi ya Jumamosi, Lendoya na wachungaji wa ranchi za jirani walikwenda chini ya ule mti wenye hereni. Walibeba mikuki kwa mkono wa kulia. Hakuna aliyevua kofia wala kutaja jina. Sitaki kuitukuza kazi ile, ilikuwa ya hatari, na Lendoya alirudi na bega lililochanwa, lakini alirudi kwa miguu yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema maneno bila kuulizwa. "Fahali alikuwa mkali," alisema.

Habari zilimfikia Mheshimiwa Mapambano akiwa anakunywa chai. Alikuja na gari lililojaa askari, nami nyuma na kipaza sauti. Alishuka akiwa amekwisha kuvimba shingo.

"Umefanya nini wewe mama? Umefanya nini?"

Uwanja wa ranchi ulikuwa umejaa watu wametulia, wamekaa kwa mistari kama harusini. Ngozi ilikuwa imewambwa juani, na upande wa shingo ulikuwa na nywele nyingi kwa ng'ombe. Moto ulikuwa unawaka. Mama Nolari alitoka jikoni kwake na sinia lililofunikwa kitambaa kisafi, akapiga goti.

"Nimechinja fahali wangu, Mheshimiwa. Hakuna aliyegusa. Tulikuwa tunakungoja wewe. Sheria ni sheria."

Akafunua. Mheshimiwa Mapambano aliitazama ile nyama, ndefu, nyekundu hata baada ya moto, ikitoa harufu ambayo siwezi kumsingizia ng'ombe. Alitafuta kwa macho kwenye sinia. Kinywa kikafunguka.

"Nundu iko w..."

Nilimwona akipiga hesabu. Anayeuliza nundu anauliza kama huyu alikuwa na nundu. Anayeuliza hivyo anauliza kama alikuwa fahali. Na kama hakuwa fahali, nani alikufa Siku ya Ushujaa?

"Ulikuwa unasema, Mheshimiwa?" aliuliza Mama Nolari kwa upole.

"Nasema... imeiva."

"Karibu basi. Watu wana njaa."

Alichukua kipande kidogo kabisa. Mama Nolari akakibadilisha kwa mkono wake, akampa kikubwa. Alitafuna. Tulimwangalia akitafuna. Machozi yalimlengalenga, mishipa ya shingo ikasimama, taya zikawa zinakwenda na kurudi kama zinasaga mpira wa tairi. Askari walitazama viatu vyao. Mwishowe koo likapanda, likashuka. Sheria inasema kutafuna na kumeza, naye alimeza.

"Ikoje, Mheshimiwa?"

Alinitupia jicho, nami nikamsogezea kipaza sauti.

"Nyama," alisema, na spika zikalipeleka neno hilo ranchi zote, "nyama ya ng'ombe."

"Nikuongeze?"

Alisema ana kikao. Mama Nolari aligeuka, akawakaribisha watu wote waliokaa pale, lakini kwa bahati mbaya, siku hiyo wilaya nzima ilikuwa imeshiba. Mheshimiwa Mapambano aliondoka kwa kasi, na pale kwenye daraja gari lilisimama kwa muda. Jumatatu nilitangaza kwamba Kanuni ya Nundu imefutwa, ili kupambana na mila zilizopitwa na wakati.

Ningependa kusema kwamba Mama Nolari alifurahi. Alipumua tu. Majike waliobaki walilala wamejinyoosha, mmoja wao akiwa na mimba ya Sukariguru, na mvua zilipoanza alizaa dume, rangi ileile ya sukari guru. Mama Nolari alimfuta uteute kwa kanga yake mwenyewe. Wiki iliyofuata akaja kuniomba lifti, maana nilikuwa naenda mji mkuu kwenye semina ya matangazo.

"Unaenda kufanya nini huko, mama?"

"Kuna mtu nampelekea habari."

Nilimfikisha Makumbusho ya Taifa. Kichwa cha Sukariguru kimewekwa ukumbi mkubwa, ukutani, chini ya picha ya Mheshimiwa Sana. Kimeng'arishwa vizuri, na pembe zimepakwa mafuta. Kibao kinasema, SIMBA MZEE, MLA WATU, NYASINDEFU. Wanafunzi wa shule moja walikuwa wamepanga mstari mbele yake, na mwalimu wao akiwaeleza jinsi ya kumtambua simba kwa pembe zake.

Mama Nolari alingoja wakaondoka. Akasogea karibu, akafungua fundo la kanga, akamimina kitu kiganjani, akaunyoosha mkono kuelekea kile kichwa. Akawa anazungumza nacho kwa sauti ya chini. Nilisikia neno "mwanao". Mabega yalikuwa yanamtetemeka.

Mlinzi, kijana mpole aliyevaa sare safi, alimwendea akamshika kiwiko.

"Usilie, mama. Usimwogope. Huyo hawezi kumdhuru mtu tena."

Mama Nolari alimtazama kijana yule, akajifuta macho. "Najua, baba," alisema. Akainama, akaimwaga ile chumvi chini ya ukuta, mahali ambapo ulimi ungefika, akatoka nje kunisubiri kwenye gari.

Niliporudi mji mkuu mwaka uliofuata, nilikuta Makumbusho wametundika kanuni mpya pembeni ya kibao, kwa herufi kubwa nyekundu: NI MARUFUKU KUMLAMBISHA SIMBA CHUMVI.